Kupiga Gitaa kwenye Maonyesho Madogo Bila Kubeba Amplifaya Nzito

Amplifaya ya Fender Twin Reverb, yenye spika mbili za inchi 12 na nguvu ya wati 85, ina uzito unaokaribia kilo 30. Ilibuniwa katika zama ambazo spika za ukumbi zilibeba sauti ya mwimbaji peke yake, na mpiga gitaa alitegemewa kuujaza ukumbi kwa chombo alichokuja nacho mwenyewe. Katika ukumbi mdogo wenye wasikilizaji hamsini, ambao tayari una miksa na spika zake, amplifaya ya namna hiyo haifunguliwi hata robo ya uwezo wake. Mpigaji huipandisha ngazi kwa jasho, kisha huambiwa aipunguze.

Wengi wakichoshwa na mzigo huo hukimbilia kutafuta amplifaya iliyo ndogo zaidi. Msimamo wangu ni kwamba hapo sipo pa kuanzia. Ni bora kwanza kuitenganisha amplifaya katika kazi zake, kuangalia ni kazi ipi ambayo vifaa vya ukumbi vinaweza kuifanya, kisha kubeba kile kinachokosekana tu.

Amplifaya hufanya kazi gani hasa

Kazi ya kwanza ni kuipokea ishara ya gitaa na kuipa tabia. Pikapu za gitaa la umeme, yaani vinasa-sauti vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi, hutoa ishara dhaifu, na zinahitaji kuchomekwa kwenye tundu lenye ukinzani mkubwa, wa takriban omu milioni moja. Zikichomekwa kwenye tundu la kawaida la miksa, ambalo aghalabu lina omu elfu kumi hivi, sauti za juu hufifia na gitaa husikika kana kwamba limezibwa. Kazi ya pili ni kuikuza ishara hiyo hadi iweze kuisukuma spika. Kazi ya tatu, ambayo husahaulika mara nyingi, ni ya spika yenyewe: spika ya gitaa haitoi masafa yote kwa usawa, bali nguvu yake hushuka kwa kasi inapopita takriban hezi 5,000, na kwa kushuka huko huchuja ukali unaozalishwa na mkwaruzo (distortion). Ndiyo sababu pedali ya mkwaruzo, yaani kisanduku cha kukanyagwa kwa mguu kinachobadilisha sauti, inayopendeza mbele ya amplifaya husikika kama nyuki waliofungiwa ndani ya kopo pale inapounganishwa moja kwa moja na miksa. Pedali haikuharibika, kilichokosekana ni ule mchujo wa spika.

Mtu akizielewa kazi hizo tatu, vifaa vyote vinavyouzwa kama mbadala wa amplifaya huacha kumchanganya, kwa maana kila kimoja hufanya mojawapo ya kazi hizo, au mbili, au zote tatu kwa kipimo kidogo.

Uliza habari za ukumbi kabla ya kununua chochote

Maswali yanayohitaji majibu ni machache. Je, kuna miksa yenye nafasi tupu na spika zinazoweza kubeba zaidi ya sauti ya mwimbaji? Je, kuna spika za jukwaani zinazowaelekea wanamuziki? Je, kutakuwa na ngoma za drum seti, na mpigaji wake hupiga kwa mkono mzito au mwepesi? Je, umeme upo karibu na jukwaa, na onyesho litafanyika ndani au uwanjani?

Swali la spika za jukwaani ndilo lenye uzito kuliko yote. Wapigaji wengi huridhika waliposikia kwamba ukumbi una spika nzuri mbele ya hadhira, wakaacha amplifaya nyumbani, kisha wakajikuta wamesimama nyuma ya spika hizo bila kujisikia. Mpigaji asiyejisikia hupiga kwa nguvu kupita kiasi na hupoteza mapigo. Kwa hiyo, iwapo ukumbi hauna spika ya jukwaani, hesabu kwamba utahitaji kuja na chanzo chako cha sauti, hata kiwe kidogo, na hata kama hadhira itakusikia kupitia miksa.

Pedali ya kuiga amplifaya

Kwa ukumbi wenye mfumo wa sauti unaofaa, hii ndiyo njia ninayoipendekeza kabla ya nyingine zote. Wazo lake si geni. Mwaka 1982 Tom Scholz, mpiga gitaa wa bendi ya Boston ambaye pia ni mhandisi, alileta Rockman, kifaa kidogo cha kuvaliwa kiunoni kilichompa mpigaji sauti iliyokamilika kwenye vichwasikizi. Mwaka 1989 kampuni ya Tech 21 ilitoa SansAmp, iliyowezesha gitaa kuingia kwenye miksa likiwa na tabia ya amplifaya, na mwaka 1998 Line 6 ikatoa POD, iliyofanya kazi hiyo kwa njia ya dijitali. Vifaa vya siku hizi kama Strymon Iridium na Line 6 HX Stomp vinaingia kwenye mfuko wa pembeni wa begi la gitaa, na ubora wake umefikia mahali ambapo msikilizaji aliye mezani hawezi kubaini kwamba hakuna amplifaya jukwaani.

Unapochagua, sharti la kwanza ni kwamba kifaa kiwe na uigaji wa kabineti ya spika, yaani kasha lenye spika ya gitaa, ama uliojengwa ndani, ama kwa faili za IR, yaani faili zinazohifadhi tabia ya spika fulani iliyorekodiwa kwa mikrofoni fulani. Kifaa kinachoiga amplifaya bila kuiga spika kitakurudisha kwa wale nyuki. Baada ya hapo, pendelea kifaa chenye vitufe vya kuzungusha kwa mkono kuliko chenye kurasa nyingi za menyu, kwa sababu jukwaani, taa zikiwa hafifu na mwimbaji ameshaanza kuutangaza wimbo unaofuata, utahitaji kupunguza besi ndani ya sekunde mbili. Wanaopiga nyimbo za mitindo inayotofautiana sana ndio wanaofaidika na menyu na sauti zilizohifadhiwa. Mwenye sauti mbili tu hana haja nazo.

Namna ya kuunganisha ni hii: gitaa huingia kwenye pedali zako za kawaida, kisha kwenye pedali ya kuiga amplifaya, kisha kwenye miksa. Ikiwa miksa iko mbali, tumia kisanduku cha DI, ambacho huigeuza ishara iwe ya njia mbili zenye kukinzana ili kelele zinazookotwa na kebo ndefu zijifute zenyewe. Ikiwa pedali yako ina tundu la XLR, lile la pini tatu kama la mikrofoni, kwa kawaida kazi hiyo hufanyika ndani yake. Mwombe mwenye miksa azime umeme wa volti 48, ule ambao miksa huupeleka kwenye baadhi ya mikrofoni, kwenye njia hiyo, isipokuwa kisanduku chako cha DI kiwe cha aina inayouhitaji, kwa kuwa baadhi ya vifaa havikutengenezwa kuuvumilia.

Sauti uliyoitengeneza chumbani kwa vichwasikizi haitakufaa jukwaani, na sababu yake iko masikioni. Kwa sauti ndogo, sikio la binadamu husikia besi na sauti za juu kwa udhaifu kuliko sauti za kati. Sauti inapoongezeka, pengo hilo hupungua. Mpigaji aliyeongeza besi na ukali chumbani ili gitaa lisikike nono hukuta kwamba jukwaani besi inavuma na ukali unatoboa. Kwa hiyo tengeneza sauti zako kwa kiwango cha onyesho, angalau mara moja, kwenye spika ya kweli. Kata masafa yaliyo chini ya hezi 80 hadi 100, ambayo ni eneo la gitaa la besi na ngoma kubwa. Punguza yaliyo juu ya hezi 5,000 au 6,000 ikiwa sauti bado inakwaruza. Usiogope sauti za kati, kwa kuwa ndizo zinazolifanya gitaa lisikike katikati ya bendi. Punguza pia mkwaruzo na mwangwi kuliko unavyopenda ukiwa peke yako. Ukumbi una mwangwi wake, na hautakuomba ruhusa kuuongeza.

Spika yenye amplifaya ndani yake

Pedali ya kuiga amplifaya huhitaji spika mwenza pale ambapo ukumbi hauna kitu, au una spika za mbele tu. Spika inayofaa ni ile ya masafa kamili yenye amplifaya ndani yake, ya aina itumiwayo kwa waimbaji, yenye koni ya inchi 8 au 10. Si spika ya gitaa, maana mchujo wa spika umeshafanywa na pedali. Ukiiunganisha pedali hiyo na amplifaya ya gitaa bila kuzima uigaji wa kabineti, utakuwa umechuja mara mbili, na sauti itatoka imefifia.

Kilichozifanya spika hizi ziwe nyepesi ni amplifaya za daraja D, ambazo huupeleka sehemu kubwa ya umeme kwenye spika badala ya kuupoteza kuwa joto, na kwa hiyo hazihitaji vyuma vizito vya kupoozea. Sumaku za neodimiamu nazo zimepunguza uzito wa koni zenyewe. Usidanganywe na idadi ya wati iliyoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni; mara nyingi ni kilele cha muda mfupi mno, si nguvu ya kudumu. Tafuta badala yake uzito wa spika, idadi ya matundu ya kuingilia, na kiwango cha juu cha sauti kwa desibeli. Spika yenye matundu mawili inaweza kubeba gitaa na mikrofoni kwa pamoja, na kwa mwimbaji anayejipigia mwenyewe hilo humwondolea haja ya miksa. Zipo pia zenye betri inayochajiwa, kama vile Bose S1 Pro, yenye uzito wa takriban kilo 7, na kwa anayepiga mahali pasipo na umeme aina hiyo ni jibu lililo karibu na ukamilifu.

Mahali pa kuiweka spika hiyo ni suala la kufikiriwa. Ikiwekwa sakafuni ikielekea magoti yako, wewe hutausikia ukali wake na watu wa mstari wa mbele watausikia wote. Iweke kwenye stendi nyuma yako kidogo na upande mmoja, ikielekea hadhira, ili usikie kile wanachokisikia wao; lakini ikiwa mikrofoni ya mwimbaji iko mbele yake moja kwa moja, utapata mlio wa kuunguruma (feedback), na itabidi uisogeze.

Amplifaya ndogo za betri, na hesabu ya wati

Roland Micro Cube hutumia betri sita za AA na kutoa wati chache tu, na bado wapigaji wa barabarani wameitumia kwa miaka mingi. Roland Cube Street EX hufikia wati 50 kwa betri nane. Kati ya hizo mbili mtu hufikiri kwamba ya pili ni kali mara kumi na zaidi, na hapo ndipo hesabu inapohitaji kunyooshwa. Kuongeza nguvu mara mbili huongeza desibeli 3, mabadiliko ambayo sikio huyatambua bila kuyaona makubwa. Ili sauti isikike imekuwa maradufu, nguvu huhitaji kuongezwa takriban mara kumi.

Ufanisi wa spika nao una neno lake. Spika nyingi za gitaa za inchi 12 hutoa desibeli zinazokaribia 100 kwa umbali wa mita moja zikipewa wati moja, ilhali koni ndogo mara nyingi hutoa chache zaidi. Chukua spika ya desibeli 100 ukaipa wati 5, na nyingine ya desibeli 90 ukaipa wati 50: zote mbili zitatoa desibeli 107. Kisha uwanjani, pasipo na kuta za kurudisha sauti, kila umbali unapoongezeka mara mbili hupotea desibeli 6, hivyo desibeli 107 za mita moja huwa 101 kwa mita mbili, 95 kwa mita nne na 89 kwa mita nane. Gitaa la peke yake au linalosindikiza mwimbaji mmoja hutosheka hapo. Kando ya drum seti inayopigwa kwa fimbo, amplifaya ndogo ya betri itamezwa, na ukiilazimisha itakwaruza vibaya kabla haijafika unakotaka.

Amplifaya hizi husaidika kwa kuwekwa vizuri. Ukuta ulio nyuma yake huongeza besi ambayo koni ndogo haiwezi kuitoa peke yake, na kuiinua au kuilaza ikitazama juu kidogo hufikisha sauti masikioni badala ya miguuni. Tumia betri za nikeli za kuchajiwa ikiwa maelekezo ya kifaa yanaziruhusu, na beba seti ya pili iliyojaa. Njia nyingine nzuri ni kuitumia amplifaya ndogo kama spika yako ya jukwaani, huku tundu lake la kutolea likiipeleka ishara kwenye miksa. Kabla ya kutegemea hilo, hakikisha kwamba kuchomeka kebo kwenye tundu hilo hakuzimi spika yake, kwa kuwa matundu ya vichwasikizi kwa kawaida huizima.

Kwa wasiotaka kuiacha kabineti ya gitaa

Wapo wanaopenda namna spika ya gitaa inavyosukuma hewa nyuma ya migongo yao, na siwalaumu. Ikiwa kabineti tayari ipo ukumbini, kinachohitajika kubebwa ni amplifaya ya nguvu yenye ukubwa wa pedali, kama Electro-Harmonix 44 Magnum, ambayo hutoa wati 44 kwenye kabineti ya omu 8. Ikiunganishwa na kabineti ya omu 16, nguvu itapungua kufikia takriban nusu. Usiiunganishe na kabineti yenye omu pungufu ya kiwango kilichoandikwa na watengenezaji. Kebo ya kwenda kwenye spika iwe ya spika, si ya gitaa, kwa maana nyaya nyembamba za kebo ya gitaa hazikukusudiwa kupitisha mkondo huo. Uigaji wa kabineti uzimwe.

Gitaa la akustika

Pikapu ya piezo iliyo chini ya daraja la gitaa la akustika hudai ukinzani mkubwa hata kuliko pikapu za sumaku. Ikipokelewa na tundu lisilofaa, besi hupotea na nyuzi husikika kama waya mtupu. Magitaa mengi yana kikuzaji kidogo ndani chenye betri ya volti 9, na hayo yanaweza kuingia kwenye kisanduku cha DI bila tatizo. Lisilo nacho linahitaji kikuzaji cha nje kabla ya miksa. Halihitaji uigaji wa amplifaya wala wa spika ya gitaa. Adui yake ni mlio wa kuunguruma, na tiba zake ni kifuniko cha mpira kwenye tundu la sauti lililo mbele ya gitaa, swichi ya kugeuza mwelekeo wa ishara, na kichujio chembamba cha kukata yale masafa machache yanayovuma.

Simu na Bluetooth

Programu za kuiga amplifaya kwenye simu au tableti hufanya kazi ya kuridhisha kupitia kiunganishi cha waya, lakini jukwaani ningezihesabu kuwa akiba. Ukizitumia, zima mawasiliano yote ya simu kabla ya wimbo wa kwanza. Usipeleke ishara ya gitaa kwenye spika kwa Bluetooth ya kawaida. Ucheleweshaji wake mara nyingi hupita milisekunde 100, na kwa kuwa sauti husafiri mita moja kwa takriban milisekunde 3, ni sawa na kusimama zaidi ya mita 30 kutoka kwenye amplifaya yako. Mifumo isiyo na waya iliyotengenezwa mahususi kwa gitaa ni jambo jingine, na ucheleweshaji wake ni wa milisekunde chache.

Umeme, kelele na majaribio

Pedali nyingi hutumia volti 9 za umeme wa moja kwa moja, hasi ikiwa katikati ya plagi, lakini za dijitali hula miliampea nyingi kuliko adapta ndogo inavyoweza kutoa. Soma kiwango kwenye kila kifaa na ujumlishe kabla ya kununua adapta. Mvumo ukitokea baada ya kuunganishwa na miksa, bonyeza swichi ya kutenganisha ardhi iliyo kwenye kisanduku cha DI. Kamwe usikate wala kuziba pini ya ardhi ya plagi ya ukutani ili kuondoa mvumo: mpiga gitaa anayeimba hushika nyuzi kwa mikono huku midomo yake ikigusa mikrofoni ya chuma, na pakiwa na hitilafu, umeme utapita kifuani mwake. Anayesafiri kwa ndege akumbuke kwamba betri za lithiamu za akiba hubebwa kwenye mzigo wa mkononi, na kwamba zinazozidi wati-saa 100 huhitaji idhini ya shirika la ndege.

Jaribu kila kitu kikiwa kimeunganishwa vilevile kitakavyokuwa siku ya onyesho. Ukiwa na pedali ya kurudia, rekodi mapigo machache, yaache yajirudie, kisha tembea hadi mahali watakapokaa wasikilizaji. Linganisha pia sauti zako zilizohifadhiwa, kwa kuwa ile safi na ile ya mkwaruzo zikitofautiana sana kwa ukubwa, mwenye miksa atalazimika kuishusha njia yako na kuiacha hapo.

Mwisho, weka ndani ya begi kisanduku kidogo cha DI kisichohitaji umeme, pamoja na kebo mbili. Pedali ya kuiga amplifaya ikizima katikati ya onyesho, chomeka gitaa, au pedali nyingine yenye sauti safi, kwenye kisanduku hicho, acha mkwaruzo kabisa, na umwombe mwenye miksa ashushe sauti za juu kuanzia hezi 5,000 hadi gitaa lilainike.